Msubiri Atue

Mteja kutoka Lukuledi alikuja dukani kwangu kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Mashine ilikuwa bado inapata moto, kwa hiyo akaketi kwenye benchi, akatoa simu, akaanza kuangalia video. Nilikuwa nimempa mgongo napanga karatasi, wala sikuwa na habari naye. Ndipo nikamsikia mjomba wangu anapiga ngoma.

Niliijua kabla sijageuka. Vipigo viwili vyepesi, kimoja kizito, halafu kiganja kinateleza juu ya ngozi kama mtu anayefuta vumbi mezani. Hakuna mwingine Newala nzima anayefuta ngoma namna ile. Nilifurahi kwa muda wa kama kupiga chafya. Kisha, mahali ambapo palitakiwa kuwa kimya kabisa, kikalia king'ora cha polisi, kioo kikavunjika, na mwanamume mmoja akapiga kelele: "Amerukaaa! Masasi mpooo? Wenye roho nyepesi kaeni pembeni!"

Karatasi zilinidondoka.

"Hiyo umeitoa wapi?" nilimuuliza yule mteja.

"Hii? Ya DJ wa kibanda umiza cha Masasi, mama. Mbona kila mtu anayo?"

Kila mtu anayo. Nilimtolea kopi yake kichwa chini miguu juu, nikairudia, nikaiharibu tena. Sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa tamu, kwa sababu nilijua nina haki.

Ile video niliitengeneza mimi. Mchana nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti na kutoa kopi, na watu wananiita Mama Steshenari hata wale wanaowajua wanangu kwa majina. Kazi zikipungua natengeneza AMV. Asiyejua AMV ni nini, aelewe hivi: unachukua vipande vya katuni za Kijapani, zile vijana wanazoziita anime, unavipanga upya juu ya muziki ambao haukuwamo, mpaka picha na muziki vionekane vilizaliwa pamoja. Nina miaka thelathini na sita na watoto wawili. Mchungaji ameshaniuliza, na mwalimu wa madrasa jirani yangu ameshaniuliza, wote kwa sauti ile ile ya kumhurumia mgonjwa, kama kweli nina nafasi ya kukaa naangalia katuni. Nimewajibu wote kwamba ninayo. Hao hao wanakaa saa mbili wanaangalia watu wazima ishirini na wawili wanakimbiza mpira mmoja, na hakuna anayewahurumia.

Mimi napenda za ngumi na za michezo. Za mapenzi nawaachia wenye machozi ya akiba. Na kwa muda mrefu nilizitengeneza vibaya, kama wanavyozitengeneza vijana wengi hadi leo. Kila ngumi inapotua, picha inamulika. Kila mtu anaporuka, radi. Vipande mia mbili kwa dakika mbili, hata jicho halijui litue wapi. Ukimaliza kuangalia unakuwa kama umetikiswa ndani ya gunia la korosho. Umechoka, na ukiulizwa aliyepigwa ni nani, hujui.

Aliyeniondoa kwenye ujinga huo ni mjomba, ambaye katuni alikuwa hajaangalia hata moja maishani mwake.

Mjomba ni kaka wa mama yetu, na kwetu mjomba si mtu wa kusalimiwa na kupita. Ndiye aliyesimamia mahari zetu, ndiye aliyetukemea, na ndiye mpiga ngoma kubwa wa kijiji, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka dukani kwangu. Watoto wakitolewa unyagoni mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa, ngoma yake ndiyo inayomtoa mcheza kinyago, yule tunayemwita lipiko. Sisi wanawake hatutakiwi kujua ndani ya lipiko yumo nani, ingawa magoti mengine nayajua tangu darasa la tatu. Lipiko huingia uwanjani, huzunguka, huruka. Na hapo ndipo kazi ya mjomba ilipo. Ngoma yake haimpangii lipiko aruke lini. Inamwangalia.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, nilimwomba nimrekodi. Alikubali, akawasha majani makavu ya mkorosho nyuma ya nyumba ili azikanze ngoma, kwa maana ngozi iliyopoa haitoi sauti. Nilikaa na simu nikiwa nimeiwasha tangu mwanzo. Alisogeza ngoma motoni, akaitoa, akaigonga kwa kidole, akatikisa kichwa. Akairudisha. Akaitoa, akagonga pembeni, akagonga katikati, akaizungusha kidogo, akairudisha tena. Dakika kumi na mbili za kugonga-gonga. Halafu akaketi, akaipiga ngoma yenyewe, karibu dakika kumi, hadi mke wake akatoka jikoni akacheza na mwiko mkononi.

Niliporudi Newala mjini nilikata mwanzo wote ule wa moto, nikachukua kiini. Simu ilikuwa inaniambia nafasi imejaa, na nilikuwa nataka kupakua sehemu kumi na mbili za katuni moja. Nikafuta rekodi ndefu. Nalisema hapa kwa sababu ndivyo nilivyofanya, na siku ile sikuona nimefanya chochote.

Katuni yenyewe ilikuwa ya msichana wa sekondari anayeshindana miruko mitatu. Kila aliyesoma shule Tanzania anaijua: unakimbia, unaruka kwa mguu mmoja, unakanyaga, unaruka tena, unakanyaga, halafu ule wa mwisho unaotua mchangani. Yule msichana aliumia kifundo cha mguu, daktari akamkataza, naye akarudi uwanjani mwaka uliofuata akiwa na woga kwenye macho. Nilipanga ngoma ya mjomba juu yake. Kipigo, anaruka. Kipigo, anaruka. Kipigo kizito, anaruka ule wa mwisho. Nilijiona fundi.

Nikaenda kumwonyesha mjomba, naye akaivuta simu karibu na pua.

"Shikamoo mjomba, sema basi, imekaaje?"

"Marahaba. Nangu mimi macho yangu mabovu, mpwa wangu, lakini mbona ngoma inalia huyu binti bado yuko juu?"

"Ndiyo anaruka hapo, mjomba."

"Kuruka kila mtu anaruka. Hata panzi anaruka. Wewe humjui atatua vipi, ameshaumia mguu huyu. Msubiri atue."

Nilikasirika, nakiri. Nilitaka sifa, nikapewa kazi. Lakini nilirudi nikaifumua. Nikamwacha akimbie na ngoma nyepesi. Mruko wa kwanza, sikupiga aliporuka, nilipiga alipokanyaga. Wa pili, alipokanyaga. Wa tatu nikaondoa sauti yote. Nikamwacha juu, miguu mbele, uso umekunjamana, pumzi mbili nzima bila ngoma, bila upepo, bila chochote. Halafu mchanga. Halafu kipigo kizito cha mjomba, kimoja tu.

Nilipoiangalia mara ya kwanza nilijikuta nimeshika meza. Niliwatumia binamu zangu wawili, wao wakawatumia wengine, na baada ya mwezi fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye ni mtu wa kununa, aliniuliza kama yule binti mguu wake ulipona.

Basi hiyo ndiyo video ambayo DJ wa Masasi aliijaza king'ora.

Na ingekuwa hasira ya kawaida kama si mambo yaliyotokea katikati. Masika iliyopita mjomba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakakwama. Akikuona anakutambua, anatabasamu kwa upande mmoja, anataka kusema, kisha anaacha. Wazee wa kijiji wakamteua kaka yangu mkubwa achukue ngoma, kwa kuwa ni mtoto wa dada na ndivyo inavyokwenda kwetu. Kaka yangu ni mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache na mikono mizito, na hajawahi kupiga ngoma kubwa hata siku moja. Alikuwa akipiga ile ndogo ya vijiti, pembeni, miaka yote. Alikuja dukani akaniomba ile rekodi ya mjomba ajifunzie, maana watoto wanatolewa mwezi wa kumi na mbili na mwalimu wake hawezi kufungua mdomo. Nikamwambia kompyuta iliungua. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ikafuka moshi mbele ya wateja, na kila kilichokuwamo kikaenda. Kwenye simu yangu nilikuwa nimeshaifuta, na binamu zangu nao walikuwa wameshabadilisha simu. Kaka alisema "haya," akaondoka. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo siku ile mteja wa Lukuledi aliponifungulia zile kelele, niliwaza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kuna mtu amemkata mjomba wangu ulimi mara ya pili. La pili, mtu huyo lazima anayo ile safi. Huwezi kuharibu kitu usichonacho.

Asubuhi nilifunga duka, nikaandika kwenye kadibodi "Narudi", nikateremka Masasi.

Kibanda umiza chenyewe, hilo banda la kuonyeshea filamu, kilikuwa nyuma ya soko, mbao chini na viroba juu, mabenchi ya kukwaruza, na joto la kuokea mkate. Ilikuwa saa sita mchana. Wanaume kama kumi na watano walikuwa wanasubiri filamu, wengine wanakula karanga. DJ alikuwa mtu wa rika langu, miwani ya jua imekaa kwenye paji la uso humo humo gizani, kipaza sauti kimefungwa leso. Kazi yake ni kukaa mbele na kutafsiri filamu za watu, akiongeza na yasiyokuwamo.

"Karibu mama, filamu inaanza sasa hivi."

"Sijaja kwa filamu. Nimekuja kwa mjomba wangu."

Nilimpa vidonge vyake pale pale, nimesimama, mkoba begani. Nilimwambia kwamba ile video ya binti wa miruko mitatu ni yangu, ngoma ni ya mjomba wangu ambaye leo hawezi hata kujifunga shati, na yeye amekwenda kuitapikia. Nilimwuliza alilelewa wapi hata akaona mahali pa kimya akaingiza polisi. Nilimwuliza kama na msibani huwa anaingiza king'ora watu wanapoinamisha vichwa. Nilisema mengine ambayo sitayaandika kwa kuwa wanangu wanajua kusoma. Wale wanaume waliacha karanga.

Jamaa hakupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akashusha ile miwani akaifuta.

"Mama, nisikilize na mimi. Niliionyesha kwanza kama ulivyoitengeneza. Ilipofika pale, watu wakapiga miluzi. Wakasema mashine imekwama. Mmoja akataka akaizime aiwashe upya. Pale hapakuwa na kitu, mama. Nikapajaza."

"Hapakuwa na kitu!"

"Hapakuwa na kitu. Kimya."

Nadhani sauti yangu ilisikika hadi kwenye majiwe ya Masasi. Nilimwambia kwamba pale ndipo palipokuwa na kila kitu. Nilimweleza, na wale wa karanga wakasikia, kwamba ngumi haikumbukwi kwa sababu ya ngumi. Unakumbuka uso wa anayeirusha, unakumbuka kwamba jana alipigwa yeye. Ukinionyesha mtu nisiyemjua anampiga mtu nisiyemjua, hata ukiweka radi mia, kesho sina habari nao. Lazima nimjue binti, nijue mguu upi uliumia, nijue atapoteza nini akikanyaga vibaya. Ukishanijulisha hayo, huna haja ya kunipigia kelele. Ondoka njiani. Niache naye pale juu. Moyo wangu utapiga wenyewe ile ngoma uliyoiondoa, na ngoma ya kweli ikija itaukuta ulipo. Wanaomulika na kulipua kila sekunde hawamwamini mtu anayeangalia. Wanadhani sisi sote ni wajinga tusiojua kungoja.

"Weka yangu," nilisema. "Weka safi, mbele ya watu hawa. Mtu akipiga mluzi nitakuomba radhi."

Alitafuta kwenye droo, akachomeka fleshi. Nikasimama kando ya runinga kama askari wa benki.

Binti akakimbia. Mruko wa kwanza, kipigo. Wa pili, kipigo. Akaenda juu, na sauti ikafa. Mtu mmoja wa nyuma akaanza, "Imekwa—" na mwenzake akamziba mdomo kwa kiganja chenye chumvi ya karanga. Kibanda chote kikanyamaza. Nilisikia kuku wa sokoni. Kisha mchanga, kisha mjomba.

Mzee wa benchi la mbele alitoa pumzi kama aliyetua mzigo. "Ametua," alisema. "Ametua vizuri."

Hakuna aliyepiga mluzi. DJ alikuna shingo, akasema, "Basi mama, umenishinda," akanipa ile fleshi, akaahidi kuifuta ile ya king'ora, ahadi ambayo hadi leo haijanifikia. Kabla sijatoka aliniuliza, kwa upole tu, mbona ngoma inaanza ghafla vile, kwao Nanyumbu wapigaji huwa wanahangaika kwanza na moto. Nikamjibu kwamba huo mwanzo nilikuwa nao ila haukufaa. Nikatoka kifua mbele.

Njia nzima ya kupanda Newala nilikuwa nacheka peke yangu. Nilijiona nimemrudisha mjomba kutoka kwa majambazi.

Kesho yake nilikwenda kijijini. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki nyuma ya nyumba, blanketi magotini kwa ajili ya baridi ya ukungu. Kaka alikuwa ameiweka ngoma kubwa mbele yake. Nikawasimulia vita vya Masasi, nikaigiza sauti ya DJ, mke wa mjomba akacheka hadi akafuta machozi. Kisha nikawawekea.

Kaka alisikiliza kwa kufumba macho. Alitaka irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya nne akafumbua macho.

"Huu ndio mwanzo?"

"Ndio mwanzo wa video."

"Siyo wa video. Wa mjomba. Pale alipokuwa anaikanza."

"Pale nilipakata."

"Ulipakata ukapaweka wapi?"

Nilianza kumweleza habari za nafasi kwenye simu. Yeye akawa ananiangalia kwa subira, kama anavyomwangalia mtu anayesifia mkorosho uliokauka.

"Mdogo wangu," alisema, "ngoma ikilia namna hii imeshaiva. Hapa mimi nasikia chakula kiko mezani. Mimi nataka kujua inaivaje. Ile ngozi naikanza sana, inapasuka sauti. Naikanza kidogo, inakuwa bubu. Nagonga wapi nijue tayari? Yeye alikuwa anagonga pembeni kwanza au katikati? Anaizungusha mara ngapi? Wewe ulikuwapo, si ulikuwapo?"

Nilikuwapo. Nilikaa hatua tatu kutoka kwenye moto na simu mkononi, nikiangalia kioo cha simu kama picha imekaa sawa. Sikumbuki ni pembeni au katikati.

"Kaka, pale hapakuwa na kitu," nilisema. "Alikuwa anagonga-gonga tu."

Nilisikia nilichosema. Kaka hakukisikia, hakuwapo Masasi. Nilikisikia mimi.

Mjomba alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Aliunyoosha kuelekea pale penye jivu jeusi, mahali alipokuwa akiwashia moto kila mwaka, akatikisa vidole, akageuza kiganja juu, akakirudisha chini, akagonga hewa mara moja, mara mbili. Akatuangalia sisi wawili aone kama tumeelewa. Akarudia. Mke wake akawasha majani. Kaka akasogeza ngoma, akaitoa, akagonga. Mjomba akatikisa kichwa. Kaka akagonga kwingine. Mjomba akatikisa kichwa, akafungua mdomo, sauti ikatoka isiyo neno, akapiga paja lake kwa hasira. Walikaa hivyo hadi jua likawa kali. Mara ya mwisho kaka aliikaribisha mno na moto. Ngozi ilipasuka ukingoni kwa mlio mdogo, na mjomba akafumba macho.

Nilipandisha hasira za kila aina wiki zile. Nilimchukia mtengenezaji wa simu zenye nafasi ndogo. Niliwachukia watu wa umeme. Nilimchukia hata yule binti wa katuni na sehemu zake kumi na mbili, ambazo sita sikuziangalia hata mara moja. Kuna siku nilimjibu mteja vibaya kwa sababu aliniambia nimfutie picha za zamani kwenye simu yake, zinamjazia.

Ngoma iliwambwa upya, lakini kaka hakuwa tayari, na kalenda haimsubiri mtu. Korosho zilianikwa, zikapelekwa, shule zikafungwa, watoto wakaingia unyagoni, na siku ya kuwatoa ikafika. Wazee waliitana, wakaniita na mimi, jambo ambalo si la kawaida kwa mwanamke. Nilidhani wananiita kunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka kugombezwa. Mwenyekiti wao alinipa mkono.

"Mama Steshenari, ile ngoma ya mjomba wako unayo kwenye simu. Tutaiunga kwenye spika. Kaka yako atapiga ile ndogo, kubwa itatoka kwako. Umetuokoa."

Niliwaambia haitafaa. Niliwaambia ni dakika mbili tu, na katikati kuna kimya nilichokipima kwa miguu ya binti wa Kijapani. Walisema itarudiwa-rudiwa, nani atajua.

Uwanja ulijaa. Watoto walitoka wamepakwa mafuta, nguo mpya, macho chini. Mama zao wakapiga vigelegele. Spika mbili kubwa zilikuwa zimewekwa pale alipokuwa akikaa mjomba, na mjomba mwenyewe alikuwa amebebwa pamoja na kiti chake akawekwa kando ya spika. Lipiko akaingia. Kinyago kilikuwa na masharubu na meno mawili, akatutisha, watoto wadogo wakakimbia, wakarudi. Nilibonyeza.

Vipigo viwili vyepesi, kimoja kizito, kiganja kikateleza. Watu wakashangilia, wengine wakalia, walimjua ni nani. Lipiko akazunguka, akachuchumaa, akakimbia hatua tatu, akaruka.

Ngoma ikalia akiwa juu.

Aliposhuka alikanyaga patupu, akayumba. Akajaribu tena. Safari hii alichelewa, akawa anatua na kile kimya changu cha pumzi mbili, miguu ikapiga chini *pa*, peke yake, kama mtu aliyeanguka. Akaanza kuikimbiza spika. Akawa hachezi tena, anawahi. Chini ya kile kitambaa nilisikia mtu mzima anahema. Na watu walikuwa wanafurahi! Walikuwa wameinua simu zao wanarekodi, jirani yangu akanipiga begani akaniambia hongera, mashine imetusitiri. Nilitaka kumrushia kiatu.

Nilimtazama mjomba. Hakuwa anaangalia spika. Alikuwa anaiangalia miguu ya lipiko, kama alivyoiangalia miaka yote. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wa kile kiti cha plastiki, umeinuka kidogo, unangoja. Lipiko akaruka, spika ikapiga, watu wakashangilia. Mkono wa mjomba ukabaki juu. Ulishuka miguu ilipogusa ardhi.